Kupiga picha jangwa la Namib ukiwa kwenye Cessna: nzuri sana, ila waulize kuhusu dirisha kabla hujalipa

Nianze na hela maana najua ndo swali la kwanza. Sio bei chee. Hizi ndege ndogo zinazotoka Swakopmund, Namibia, kuzungusha watu juu ya jangwa zinapigiwa hesabu ndege nzima halafu abiria mnagawana, kwa hiyo mkijaa watano kila mtu anapumua, mkiwa wawili mnaumia. Kama huna kundi waambie ofisini wakuunganishe na wengine, sisi tulichanganywa na wazee wa Kijerumani na jamaa mmoja ana lenzi ndefu kuliko mkono wangu, nilivyomuona tu nikajua leo dirisha litagombaniwa.

Tulichukua ile njia ndefu, mnakaa hewani kama masaa mawili na robo hivi. Mnaondoka Swakopmund mnakata bara kuelekea kusini, mnavuka korongo la mto Kuiseb, mnazunguka Sossusvlei, kule kwenye matuta makubwa ya mchanga mwekundu, halafu mnageuka kuifuata bahari juu ya mchanga mtupu na kurudi mkiwa juu ya pwani. Kabla ya kupanda mnapimwa uzito, na namba inasomwa kwa sauti mbele ya wote, sasa kama una aibu na kilo zako jiandae kisaikolojia. Begi kubwa linabaki. Unapanda na kamera yako, memori kadi, betri ya akiba na jaketi, basi.

Ndege yenyewe ni Cessna 210, propela moja, viti sita ukihesabu cha rubani. Kwa mpiga picha hii ni ndege tamu aisee, bawa liko juu ya dirisha, halafu haina ile nguzo ya kushikilia bawa, na matairi yanajikunja ndani mkishapaa. Mliopanda zile ndege ndogo za Caravan za kwenda Serengeti au Mafia mnaijua ile nguzo, ukipiga picha kumi iko kwenye tisa. Hapa chini kote ni kwako.

Sasa tatizo langu na hawa watu wa kampuni ya ndege, ambao siwataji. Wakati wa kubuki niliuliza kabisa, dirisha linafunguka? Nikajibiwa hakuna shida. Kufika kwenye ndege kumbe linalofunguka ni la mbele tu, na huko mbele kashawekwa mtu kwa sababu ya uzito, yaani wanapanga viti ili ndege isielemee upande, hilo naelewa na sibishani na usalama, lakini si mngesema tangu mwanzo? Nyuma tukaachiwa vioo vya plastiki vyenye mikwaruzo, na cha upande wangu kilikuwa na alama ya paji la uso la abiria wa jana, imenata na mafuta yake. Nilikifuta kwa kanga. Ombeni kitambaa mapema au nendeni nacho.

Ukishakwama nyuma ya plastiki kuna vitu vya kufanya. Vaa nguo nyeusi au ya rangi nzito, shati jeupe linajionesha kwenye kioo na linaharibu kila picha. Filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'ao, iache hotelini, ukiiweka kwenye plastiki ile inakutolea rangi za upinde wa mvua ambazo huwezi kuzifuta baadaye. Kasi ya shata usishuke chini ya 1/1000 ya sekunde, panda ISO (ile seti ya kamera kuongeza mwanga) bila huruma, na usiegemeze lenzi wala kiwiko kwenye bodi ya ndege maana injini inatetemesha kila kitu. Lenzi ya kati inatosha, ile ndefu ya yule jamaa aliitumia mara chache akairudisha miguuni akahamia kwenye simu.

Kuiseb ndo sehemu ya kwanza iliyonifanya nishushe kamera nitazame kwa macho. Upande mmoja wa mto ni mchanga mwekundu umelundikana, upande wa pili mawe na changarawe, na mpaka wake umenyooka utafikiri serikali imepima viwanja. Mto wenyewe mara nyingi umekauka, ila ukija na mafuriko unazoa mchanga wote uliojaribu kuvuka, ndo maana jangwa la mchanga halipandi kaskazini. Chini umesimama pale usingeelewa, juu unaelewa ndani ya sekunde.

Sossusvlei nayo ni nzuri, siipingi, yale matuta yana kingo kali upande huu mwanga upande ule kivuli, na wekundu wake unatokana na madini ya chuma kwenye mchanga, kadri unavyoingia bara ndo unavyokolea. Lakini Big Daddy, tuta la mita 300 na zaidi ambalo watu wanalipanda wakihema, ukiwa juu linajichanganya na wenzake hata huoni ukubwa wake, na Deadvlei yenye ile miti iliyokufa ni kidoa cheupe chenye vinukta. Pale nenda kwa miguu.

Pwani ndo imebeba hii safari. Matuta yanafika mpaka baharini na kudondokea kwenye maji, hakuna barabara, hakuna kijiji, kuna sili wamelala ufukweni na mabanda ya wachimba almasi yaliyoachwa yanamezwa na mchanga. Halafu Eduard Bohlen, meli ya Kijerumani iliyokwama kwenye ukungu tarehe 5 Septemba 1909. Leo iko nchi kavu, mamia ya mita kutoka kwenye maji, kwa sababu ufukwe wenyewe umesogea. Rubani, kijana mdogo mpole sana, aliinamisha bawa akaizunguka kulia halafu kushoto ili kila upande upate, hapo nikasamehe nusu ya yale ya dirisha. Karibu na Walvis Bay mnapita juu ya mabwawa ya chumvi, mengine ya pinki, mengine ya kijani, na heroe kwa mbali.

Kuhusu muda, chukueni ya asubuhi. Mchana jua linakaa utosini vivuli vinakufa, na joto linaanza kuirusharusha ndege, yule mzee nyuma yangu alitumia mfuko wa kutapikia na hapo hewa ilikuwa imetulia. Choo hakuna, kahawa punguza. Tatizo la asubuhi ni ukungu, bahari ya kule ina mkondo wa baridi wa Benguela na mji unaamka umefunikwa, sisi tulisubiri uwanjani mpaka jua likaupasua, kwa hiyo msiipange siku ya mwisho ya safari yenu.

Na wale wa droni, ile ni hifadhi ya taifa, bila kibali hurushi. Isitoshe betri ya droni haikufikishi kwenye ile meli.

Ningelipa tena? Ndio, kwa kampuni hiyohiyo hata, ila safari hii nataka waniandikie kwenye imeili ni ndege gani, dirisha lipi linafunguka na nani anakaa hapo. Wakisema watanipangia siku hiyohiyo, naenda ofisi ya jirani.