Treni ya jioni Dar: usafiri naupenda ila ratiba imenivuruga (nyota 3 kati ya 5)

Hii treni ya mjini naipanda mwaka wa tatu sasa, asubuhi kwenda jioni kurudi, kazi yangu duka la vitambaa Kariakoo na nakaa Gongo la Mboto kule ndani ndani, kwahiyo naandika kama mteja wa kila siku. Na niseme mapema treni yenyewe naipenda. Daladala za jioni unaweza kugombania mpaka kandambili ikakatika, afu ukishapanda unakutana na foleni, ila treni ukishaingia kwenye behewa ujue umefika. Wale wa toka Oktoba 2012 mnakumbuka watu walivyokuwa wanaiita treni ya Mwakyembe, yule waziri wa uchukuzi wa wakati ule, siku zile ilikuwa kitu kipya, leo kuna watu wamepanga mpaka nyumba kwa kuangalia stesheni iko wapi. Ndo maana ukigusa saa zake umetugusa wengi.

Sasa kilichotokea. Ya jioni ilikuwa inaondoka 11:55. Jumatatu moja nafika stesheni 11:45, nakuta treni hakuna, watu kama ishirini tunaangaliana. Kwenye dirisha la tiketi kuna karatasi moja imebandikwa kwa selotepu, kona moja inaning'inia, inasema treni ya jioni itaondoka 11:20 kuanzia leo. Kuanzia leo jamani! Ijumaa nilikata tiketi dirisha hilo hilo na hiyo karatasi haikuwepo.

Mtu atasema si dakika 35 tu. Duka letu linafungwa 11:30, mwenye duka hawezi kufukuza wateja kwa sababu ya treni, kwahiyo kwangu mimi hiyo treni imefutwa. Siku ile nilikuja kufika nyumbani saa 2 na nusu, jirani anayeniangalizia mtoto tumekubaliana mwisho saa 1, nikamkuta mwanangu amelala kwenye mkeka na yunifomu yake ya shule, hata viatu hajavua, alikuwa anagoma kulala anasema namsubiri mama. Hiyo iliniuma sana.

Na sio mimi tu. Kuna mama anakaanga samaki pale tunaposhukia, yeye saa yake ni honi, akiisikia anatupia vipande kwenye karai ili tukishuka tuvikute vya moto. Wiki ile abiria wanashuka yeye ndo kwanza anapepea mkaa. Siku ya tatu nikapita usiku, shikamoo mama, leo vipi, akanifunulia beseni tu, limejaa.

Dada wa tiketi hana kosa na aliongea na mimi vizuri, akaniambia reli ni njia moja, treni mbili zinapishana stesheni tu, sasa ikiongezeka ya mizigo lazima nyingine isogezwe na safari hii ikawa yetu. Hapo nimemuelewa kabisa. Ila treni ya mizigo haidondoki kutoka mbinguni, waliopanga walijua siku nyingi, walishindwa nini kututangazia wiki mbili kabla, hata mhudumu akapita kwenye mabehewa akasema kwa mdomo? Tungeongea na mabosi, tungejipanga na watoto.

Usafi sina neno, walinzi wapo na wanasaidia wamama wenye mizigo na wanafunzi. Taarifa kwa abiria nawapa nyota moja, na hiyo ni ya yule dada.

Kama unataka kuanza kuipanda panda tu, ila kila jioni kabla hujaondoka pitia dirishani usome karatasi zote, piga picha, tuma kwa wenzako. Sisi wa behewa la mwisho tumefungua grupu la WhatsApp juzi, tuko 64 tayari, na barua ya kuomba hata safari moja ya saa 12 tumeshaanza kuisaini.