Draivu ya DVD ilikataa kusoma diski za harusi yangu, na fundi akaiburuza moja mezani

Naandika nikiwa bado na hasira, na siku kadhaa zimeshapita, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Duka lenyewe silitaji, liko hapa Kasese mjini, Uganda, wanatengeneza kompyuta na simu.

Mimi na mzee wangu tunatimiza miaka 20 ya ndoa. Picha zetu zote za harusi zilienda na maji mto Nyamwamba ulipofurika ule mwezi wa tano 2020, tulikuwa tunakaa upande wa Kilembe, tulitoka na watoto na godoro moja basi. Kilichobaki ni diski tatu za DVD, kwa sababu shangazi yangu wa Fort Portal alikuwa ameziazima siku nyingi na nilishamnunia kwa kutozirudisha. Sasa hivi namshukuru Mungu kwamba hakuzirudisha. Ya kwanza ni kanisani, ya pili ukumbini, ya tatu ni zawadi, na humo kwenye ya tatu ndo bibi yangu mzaa mama anasimama anatuasa kwa Lhukonzo halafu anacheza. Bibi hayupo tena. Sauti yake sina popote pengine.

Nikasema kabla ya sherehe nizihamishie kwenye flashi kwa laptopu yetu ya zamani, hizi mpya hazina hata pa kuingiza diski. Ya kwanza ikahama vizuri. Ya pili ilipofika katikati draivu ikaanza kulia krrr, krrr, ikazunguka kwa nguvu mpaka meza inatetemeka, kisha kimya. Taa inawaka inazima, na kompyuta inaniambia niweke diski, na diski imo ndani! Nikarudisha ile ya kwanza iliyosoma muda si mrefu, nayo ikakataa. Hapo moyo ukaenda mbio.

Kesho yake nikapanda boda mpaka dukani. Kijana aliyekaa mezani hakuitika salamu yangu. Nikamweleza yote, nikamwambia kabisa ya kwanza ilisoma ya pili ikagoma, yeye akatumbukiza hiyo ya pili, akasubiri kidogo tu, akasema, "Maama, hii kitu imekufa. Nunua ingine, elfu themanini na tano." Nikamuuliza, mwanangu, umejaribu na diski nyingine? Sidii ya nyimbo hata moja? Akanijibu, "Fundi ni mimi ama ni wewe? Nani bado anatumia hizi vitu?" na wenzake wakacheka.

Sasa ngoja niwaambie alichofanya, maana ndicho kimenifanya niandike. Alitoa diski yangu kwenye trei kwa kuishika bapa, kidole gumba katikati ya upande unaong'aa, akailaza kifudifudi mezani. Meza yenyewe ina skrubu, ina vipande vya risasi ya kuchomelea, ina maganda ya karanga. Halafu hakuinyanyua anipe. Aliisukuma. Aliiburuza mpaka upande wangu kama mtu anayerudisha chenji, na nilisikia ile sauti, chrrrk, nikainua mikono kama mtu anayetaka kudaka mtoto. Nilipoigeuza kulikuwa na mchubuko mmoja mrefu unatoka karibu na tundu la katikati mpaka ukingoni. Nikanyamaza. Nililipa elfu ishirini za "kuangalia", nikaondoka, nikaanza kulia nikiwa juu ya boda.

Na si hayo tu. Kufika nyumbani kuwasha, draivu haipo kabisa kwenye kompyuta! Nilipoipeleka ilikuwa inaonekana ila haisomi, imerudi haionekani. Alikuwa ameweka programu yake ya kuchomea diski, yaani ya kuandikia vitu kwenye diski tupu, halafu akaitoa, bila kuniuliza.

Shemeji yangu yuko Mbarara, anashughulika na mitambo ya redio, si fundi wa kompyuta, lakini ana subira ambayo yule kijana hana. Akanishika mkono kwa simu jioni nzima. Kwanza tukaingia Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta ndani ya Windows, tukaitoa draivu, tukazima tukawasha Windows iitambue upya, wapi. Ndo akasema hizo programu za kuchoma zinajulikana, ukizitoa vibaya zinaacha mabaki kwenye rejista, pale Windows inapotunza mipangilio yake, yanaitwa UpperFilters na LowerFilters, na hayo ndo yanaificha draivu. Akaniambia nihifadhi nakala ya rejista kwanza, kisha akanielekeza sehemu ya draivu za diski pekee, tukafuta hiyo mistari miwili, tukawasha upya. Ikatokea! Nilipiga kelele watoto wakaamka.

Kuonekana na kusoma ni vitu viwili lakini. Akaniambia tafuta sidii ya nyimbo, ile ya kununua, si ya kuchoma. Nikaweka sidii ya kwaya, ikaimba safi kabisa. Nikaweka DVD, krrr, kimya. Shemeji akasema, umeona, haijafa. Humo ndani kuna miale miwili ya leza, wa CD ni mwekundu usioonekana kwa macho, nanomita 780, wa DVD ni wa nanomita 650, kwa hiyo moja inaweza kusoma na nyingine ikakataa. Na vidoti vya DVD ni vidogo zaidi ya vya CD, ukungu kidogo tu kwenye lenzi sidii inapita, DVD inakwama. Hilo jaribio halichukui hata dakika mbili. Yule kijana alikuwa na rundo la masidii nyuma yake ukutani!

Kwa laptopu lenzi iko hapohapo kwenye trei, ukiifungua unaiona, kijicho kidogo kama cha samaki. Nikawasha tochi ya simu nikaangalia. Jamani. Kilikuwa na utando wa kahawia. Hili vumbi letu la Kasese linaingia hata kwenye sukari, sijui nilidhani draivu litaiacha vipi. Nilizima kompyuta, nikatoa betri, nikanunua ile spiriti safi mafundi wa simu wanaoshea bodi, maana shemeji alikataa ya duka la dawa, akasema nyingine zina mafuta yanabaki kwenye lenzi. Pamba ya masikio, tone moja tu, unapitisha taratibu bila kukandamiza kwa sababu kile kijicho kinaning'inia kwenye vinyaya vyembamba sana, ukikisukuma umekiua kweli. Pamba ilitoka imechafuka. Nikaacha pakauke vizuri.

Nikaweka filamu ya dukani, ikasoma. Nikaweka ya harusi, ile ya kanisani, ikahangaika, ikasoma! Kumbe hata ikiwa nzima, diski za kuchoma ni ngumu kwa draivu iliyochoka, haziakisi mwanga kama zile za kiwandani.

Ya pili ikabaki inatetemesha meza. Tukagundua kosa ni la mpiga video wetu wa enzi hizo, alibandika karatasi yenye picha yetu juu ya diski, joto la huku limeikunja upande mmoja, sasa diski ikizunguka inayumba. Nilitaka kuibandua, shemeji akapiga kelele kwenye simu nisithubutu. Kwenye CD data iko juu kabisa chini tu ya lebo, ukibandua inatoka nayo, kwenye DVD iko katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6, kwa hiyo ina afadhali, ila bado unaweza kuzitenganisha. Nikaikata tu ile ncha iliyoinuka kwa mkasi wa kucha, taratibu, mkono unatetemeka.

Na ule mchubuko? Hapa ndo nimejifunza kitu sikukijua maisha yangu yote. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda nje hauumizi sana, kila mzunguko draivu inakutana nao mara moja tu na ina namna ya kujazia kilichopotea. Mbaya ni ule unaozunguka na duara, unafuata njia ya data, unakula kipande kirefu mfululizo. Ndo maana hata kufuta unafuta toka katikati kwenda ukingoni, si kuzungusha kama sahani. Kwa hiyo bahati tu ya alivyoisukuma ndo imeniokolea ukumbi wangu. Angeizungusha kidogo mezani ningekuwa naandika maneno mengine.

Ya pili imehama yote isipokuwa dakika chache za mwisho, watu wanaagana, hizo nimeziachilia.

Nilirudi dukani. Nilikuwa nimejiandaa kugombana lakini nikamkuta mwenye duka mwenyewe, mtu mzima, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nisamehe sana dada, umekosewa hapa kwangu," akanirudishia elfu ishirini zangu bila kuombwa mara mbili. Nikasema moyoni basi, nitaandika vizuri, mtu amekiri kosa. Huyo mzee ningemrudia. Kama unaenda uliza kama yupo, akiwepo kaa.

Nikageuka kutoka, nikaona kwenye meza ileile diski ya mtu mwingine, kifudifudi, juu ya skrubu. Kijana anakula. Basi nikabadilisha tena na sibadilishi tena, msipeleke diski yoyote pale. Nani anajua ile ilikuwa na bibi wa nani ndani yake.

Mkiwa na shida kama yangu anzeni na sidii moja na DVD moja kabla hamjampa mtu hela. Na kama diski inafunguka unaona mafaili ila filamu haichezi, hiyo si draivu kabisa, Windows 10 haina kichezeo cha DVD chake, weka VLC, programu ya bure ya kuchezea video.

Diski ya tatu sijaigusa. Draivu imeanza tena kulia kidogo na naogopa kuimalizia kwenye mashine iliyochoka. Nimesikia zile kubwa za kompyuta ya mezani ni imara zaidi. Kama kuna mtu Kasese, Hima au Bwera anayo inayosoma diski za kuchoma, naja mwenyewe na diski, naishika kwa ukingo, nakaa pembeni mpaka iishe. Hata usiku.