Yankees na Red Sox ukiwa Kisumu: programu ya MLB, lipia sauti, picha ingoje asubuhi

Kofia ya NY utaikuta kwenye kila rundo la mitumba pale Kibuye, na wengi wanaoivaa hawajawahi kutazama hata iningi moja (awamu ambayo kila timu hupiga kwa zamu) ya timu yenyewe. Anayetaka kuijua ana njia moja ya karibu: programu ya simu ya MLB, ligi kuu ya beseboli ya Marekani. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu, nayo ni kufuatilia mtoano wa New York Yankees na Boston Red Sox ukiwa Kisumu, na simu mkononi, bando la kawaida na stima isiyoaminika. Kipimo chetu ni mtoano wao wa 2025, wa mechi tatu, uliochezwa wote Yankee Stadium kati ya Septemba 30 na Oktoba 2.

Hukumu yenyewe ni hii. Sehemu ya maandishi, Gameday, ni ya bure na inastahili sifa kuliko inazopata. Matangazo ya sauti yanastahili hela yake. Video ni safi, lakini kwa mtoano mfupi kama huu ni anasa.

Tuanze na saa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama. New York iko nyuma yetu kwa saa saba hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, kisha zinakuwa nane. Mechi mbili za kwanza zilianza jioni ya kwao, ambayo kwetu ni saa saba na dakika nane usiku. Ya tatu ilisogezwa mbele, ikaangukia saa tisa na dakika nane usiku wa hapa. Programu inasoma saa ya simu yako na kugeuza yenyewe, vizuri kabisa. Kinachochanganya ni tarehe: mechi ambayo Wamarekani wanaiita ya Jumanne ilikuwa ya Jumatano kwa mtu wa Kondele. Ukiweka kengele ya Jumanne saa saba usiku kwa sababu umesoma habari za Marekani, utaamka siku nzima kabla ya mechi.

Usiku huo una faida yake. Saa tatu usiku mtandao wa simu mjini umeelemewa, kila mtu yuko kwenye video zake. Kufika saa saba umepungua watu, na laini ileile iliyokuwa ikikwama inapeleka picha bila kusita.

Gameday ni nini hasa? Ni mchoro wa kisanduku cha straiki mbele ya mpigaji, na kila mpira unaorushwa unatokea hapo kama kitone: chekundu ni straiki (kosa la mpigaji, matatu yanamtoa), kijani ni boli (mrusho uliopita nje ya kisanduku), buluu ni mpira uliopigwa ukaingia mchezoni. Kando unaandikwa aina ya mrusho na kasi yake. Inakula data kidogo mno, kiasi kwamba bando dogo kabisa linatosha mechi nzima na chenji inabaki.

Ubora wake ulionekana mwisho wa mechi ya kwanza. Garrett Crochet wa Boston alikuwa amerusha mipira 117 na kuwatoa 11 kwa straiki tatu, Boston wakiongoza 3-1. Iningi ya tisa, mkononi mwa Aroldis Chapman wa Boston, Yankees wakajaza besi zote tatu bila auti hata moja (mpigaji au mkimbiaji kutolewa; tatu humaliza zamu). Kwa aliyecheza raunda shuleni: wakimbiaji wako kila kituo, na mrushaji hana pa kujificha. Chapman, ambaye zamani alikuwa wa Yankees wenyewe, akamtoa Giancarlo Stanton kwa straiki, Jazz Chisholm akapiga mpira wa juu mfupi ukadakwa, Trent Grisham naye akakosa straiki ya tatu. Kwenye Gameday unaona kila mpira umepita wapi, kwa kasi ya kama maili mia kwa saa (kilomita 160), na unaelewa kwa nini Grisham alichelewa kuzungusha gongo. Runinga inakuonyesha sura ya Chapman ikivuja jasho. Mchoro unakuonyesha kazi yenyewe.

Udhaifu wa Gameday ni kwamba haijui kusimulia mbio. Katika mechi ya pili, matokeo yakiwa 3-3 katika iningi ya nane, Chisholm alitoka besi ya kwanza hadi nyumbani kwa pigo moja la Austin Wells lililoanguka upande wa kulia. Mkimbiaji wa kawaida anaishia besi ya tatu kwa pigo kama hilo. Gameday iliandika mstari mmoja tu, kwamba Wells amepiga singo (pigo la kumfikisha besi ya kwanza) na Chisholm amefunga. Jinsi alivyoanza kukimbia mrushaji akiwa bado anarusha, na jinsi alivyojitupa kwa tumbo kwenye besi ya nyumbani, huwezi kuvipata hapo. Yankees walishinda 4-3, na bao lililoamua mechi ndilo hilo ambalo maandishi yalishindwa kulieleza.

Hapo ndipo sauti inaingia. Usajili wa sauti peke yake ni nafuu sana ukilinganisha na video, na unakupa redio za timu zote mbili. Unachagua mwenyewe: ya wenyeji au ya wageni. Ushauri ambao mashabiki sugu wataupinga: sikiliza redio ya wapinzani wako. Mtangazaji wa timu yako anafikiri unajua kila kitu na anashangilia. Wa upande wa pili ana wasiwasi, na mwenye wasiwasi hueleza zaidi.

Kwa data, hesabu ni rahisi na inafaa kuikariri. Megabiti moja kwa sekunde, ikitiririka saa nzima, ni MB 450. Sauti hata ikiwa ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki MB 60 kwa saa, kwa hiyo mechi ya saa tatu ni chini ya MB 180. Video ya ubora wa 480p, kwa megabiti moja na nusu hivi, inakula karibu GB 0.7 kwa saa, yaani GB 2 kwa mechi. Ukipanda 720p, kwa megabiti tatu, ni GB 4. Ubora wa juu kabisa unaweza kupita GB 7.

Na video hujipangia ubora wenyewe kulingana na mtandao. Kwa kuwa usiku mtandao ni mwepesi, inapanda hadi juu bila kukuuliza, na bando la GB 1 la saa moja linaisha kabla ya iningi ya tatu kumalizika. Dawa ya haraka kwenye simu ya Android: ingia mipangilio ya laini, badilisha aina ya mtandao kutoka 4G hadi 3G. Picha itapoteza ung'avu, mpira mdogo utauona kwa shida, lakini bando litafika mwisho.

Kosa la kawaida zaidi ni aina ya bando. Lile la bei nafuu linaloisha saa sita usiku halina kazi kabisa hapa, linakufa saa moja kabla ya mpira wa kwanza. La saa tatu ndilo linalokaribia, kwa sababu tangu 2023 kuna saa ya kumharakisha mrushaji (sekunde 15 besi zikiwa tupu, 18 zikiwa na mkimbiaji tangu 2024) na mechi nyingi zinaisha ndani ya saa tatu. Ila linunue mrushaji akiwa tayari kurusha, si wakati wa wimbo wa taifa na utambulisho wa wachezaji. Kisha weka akiba. Kwenye msimu wa kawaida, mechi ikienda iningi za nyongeza, mkimbiaji huwekwa besi ya pili bure ili bao lipatikane upesi. Kwenye mtoano kanuni hiyo haipo, kwa hiyo hakuna kikomo. Mechi ya tatu ya fainali ya 2025, Dodgers na Blue Jays, ilikwenda iningi 18, saa sita na dakika 39. Bando gani la saa tatu litakuokoa hapo?

Sasa video yenyewe, MLB.TV. Mwaka 2025 kifurushi cha mwezi kiliuzwa dola 29.99, kama shilingi elfu nne kasoro kidogo kabla ya kodi. Ukikigawa kwa mechi tatu tu, kila moja inakugharimu zaidi ya shilingi elfu moja bila kuhesabu data. Ukiwa unafuata mtoano wote hadi fainali, hesabu inageuka na bei inaanza kueleweka. Kulipia kwa kadi ya M-Pesa ya GlobalPay kunawezekana, ila namba yake ya siri ya nyuma ni ya muda mfupi, kwa hiyo fungua ukurasa wa malipo kwanza, ndipo uizalishe.

Jambo la haki za matangazo linahitaji umakini. Ndani ya Marekani mechi za mtoano zinamilikiwa na vituo vya runinga, na MLB.TV hufungiwa kwa asiyelipia vituo hivyo. Wateja wa nje kwa kawaida huzipata mubashara, isipokuwa nchi ambazo kituo kimenunua haki zote, na orodha ya nchi hizo ipo kwenye tovuti. Isome kabla ya kulipa. Kisha zima VPN, programu inayoifanya simu ionekane iko nchi nyingine. Watu wengi wameiweka kwenye simu kwa sababu nyingine kabisa na kuisahau, ikiwa imeelekezwa Marekani. Programu inaamini uko huko na kukufungia mechi uliyolipia, kisha lawama zinaangukia laini ya simu.

Mwenye DStv anaweza kutegemea ESPN, ambayo huonyesha beseboli, lakini anayechagua mechi na marudio ni wao.

Stima ni kisa cha pekee. Oktoba ni msimu wa mvua za vuli, na ngurumo za ukanda wa ziwa huja hata usiku. Anayetumia Wi-Fi ya nyumbani, Milimani au Mamboleo, anahitaji betri ndogo ya ruta. Zile zinazoandikwa mAh 8,800 huhesabiwa kwa volti 3.7, kwa hiyo uwezo wake halisi ni kama wati-saa 32. Ruta inayotumia wati 10, ukitoa upotevu, itakaa saa mbili na nusu hivi, si kumi kama muuzaji anavyoahidi. Na ikiwa kifaa cha mtandao kilicho mtaani nacho kimezimika, betri yako itawasha taa za ruta tu. Weka bando la sauti kwenye simu kama mpango wa pili.

Ukiamua kulala na kutazama asubuhi, na ndilo chaguo tunalolipendekeza kwa mtu mwenye kazi, pita kwanza kwenye mipangilio ya programu. Washa kitufe cha kuficha matokeo. Zima arifa za timu uliyoipenda, maana programu hukutumia kila bao. Usiposhughulikia yote mawili, skrini itakusalimu na matokeo kabla hujanawa uso. Asubuhi kuna muhtasari wa mechi uliobanwa, mipira muhimu bila mapumziko, unaoisha kwenye safari ya matatu kutoka Kisumu hadi Maseno. Pia usifungue Gameday huku ukitazama video mubashara: maandishi hutangulia picha kwa nusu dakika au zaidi, na straiki ya tatu utaisoma kabla ya kuiona.

Mechi ya tatu ndiyo iliyohitaji picha hata kwa mbahili. Cam Schlittler, mrushaji chipukizi wa Yankees aliyekulia Walpole, viungani mwa Boston kwenyewe, alirusha iningi nane, akawatoa 12 kwa straiki bila kumpa mtu hata mmoja besi ya bure kwa boli nne. Mabao yote manne yalikuja iningi ya nne, na Ryan McMahon alidaka mpira huku akipinduka ndani ya banda la wachezaji wa Boston. Matokeo 4-0. Kabla ya hapo Boston walikuwa wamewatoa Yankees mara tatu mfululizo walizokutana kwenye mtoano, 2004, 2018 na 2021, na tangu muundo huu wa mechi tatu uanze 2022 hapakuwa na timu iliyokuwa imepoteza ya kwanza ikasonga mbele.

Kwa anayetaka kuelewa chuki ya timu hizi mbili bila kulipa chochote zaidi ya data, chaneli za YouTube za MLB zina hazina ya mechi za zamani. Tafuta za 2004, Boston walipokuwa nyuma 3-0 kwenye mfululizo wa mechi saba kisha wakashinda nne zote. Anza na ya nne, wakati Dave Roberts wa Boston alipoiba besi ya pili (kuikimbilia bila kungoja mpira upigwe) katika iningi ya tisa mbele ya Mariano Rivera, mrushaji wa Yankees, na David Ortiz akamaliza kazi iningi ya 12. Ilichukua saa tano na dakika mbili. Itazame kwa Wi-Fi.

Jambo la mwisho ni la pesa. Usajili wa mwezi hujihuisha wenyewe. Ukilipia kupitia Google Play, fungua duka hilo, gusa picha yako, kisha malipo na usajili, kisha usajili, chagua MLB, sitisha. Fanya hivyo siku ileile uliyolipa. Huduma itaendelea hadi mwezi uliolipia uishe.