DhowCSD: kuikopesha serikali kwa simu, ila uwe na elfu 50

Tangu 2023, hatifungani za serikali ya Kenya (hati za kuikopesha serikali kwa miaka kadhaa, kwa riba) hununuliwa kwa simu kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu. Wapo wanaosema kuzinunua ni uzalendo; nitalirudia hilo. Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), picha na akaunti ya benki. Majina yalingane kote, la sivyo maombi hukwama. Benki Kuu haitozi ada. Ukipitia benki ya biashara, uliza makato kwanza.

Mwekezaji mdogo achague zabuni isiyo ya ushindani, yaani asitaje riba anayotaka, apokee riba ya wastani ya mnada. Ya ushindani, ambapo unataja riba yako mwenyewe, huanzia milioni 2, tuwaachie wanaoifanya kazi. Panapowaangusha wengi ni malipo. Kuweka zabuni si kulipa, na pesa hazikatwi zenyewe. Matokeo yakitoka, ingia tena, soma kiasi unachodaiwa na namba ya malipo, kisha utume kupitia benki kabla ya tarehe iliyotajwa, mara nyingi Jumatatu. Atakayekosa kulipa anaweza kufungiwa minada ijayo. Hatifungani iliyofunguliwa upya (ya zamani inayouzwa tena) huweza kukudai zaidi ya ulichoomba: ni riba iliyokwisha kuiva, na utarudishiwa kwenye malipo ya kwanza.

Kwa hatifungani ya kawaida kianzio ni 50,000, na kodi ya zuio, inayokatwa kwenye riba, ni asilimia 15, au 10 ikiwa ni ya miaka kumi na zaidi. Ya miundombinu huanzia 100,000 na haikatwi kodi. Ile ya Februari 2024 ilitoa asilimia 18.4607: kwa kila laki, shilingi 9,230.35 kila miezi sita, bila kuguswa.

Hapo ndipo yale maneno ya uzalendo yanaponipa shida. Mnada ule ulikusanya takriban bilioni 241 wakati nchi ikikabiliwa na deni la dola bilioni 2 la kulipwa Juni. Deni la shilingi halivimbi shilingi ikishuka, na huko ni kujitegemea kweli. Lakini riba ya 18 hulipwa na kodi ya wote, akiwemo asiyeweza kufikisha elfu 50. Nayo benki inayopata 18 kwa serikali bila jasho, itamkopesha mama mboga ya nini? Aliyejitolea zaidi ni anayekatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, maana yeye hakuulizwa.

M-Akiba, hatifungani ya serikali ya 2017, ilianzia 3,000, riba asilimia 10 bila kodi, miaka mitatu. Mauzo yake makuu yalilenga bilioni 1, hata robo haikutimia. Hata hivyo kianzio chake kilikuwa sahihi, na DhowCSD ingekirudisha.

Kutoka mapema kunawezekana, ila si bure. Unauza kupitia dalali kwenye Soko la Hisa la Nairobi, kwa mafungu ya 50,000, na riba za soko zikiwa zimepanda, bei yako imeshuka. Benki Kuu hununua kama kimbilio la mwisho tu, kwa riba iliyoongezwa pointi 3 za asilimia, ambayo hushusha bei yako, yaani hasara nene. Afadhali uiweke hatifungani rehani upate mkopo. Pesa za karo ya muhula ujao ziende kwenye hati ya hazina ya siku 91 (mkopo mfupi kwa serikali), si hatifungani ya miaka 15.