Amplifaya ya pembeni: PRE OUT au konveta?

Sebuleni kwangu Mwanga, Kigoma, nimejaribu njia zote mbili za kuunganisha amplifaya ya pembeni na risiva ya sinema ya nyumbani. Risiva yenye matundu ya PRE OUT (yanayotoa sauti kabla haijakuzwa na risiva) haina longolongo: waya wa RCA unaingia kwenye amplifaya, rimoti inaendelea kupandisha sauti kama kawaida, na risiva inapumua maana spika kubwa za mbele haizibebi tena.

Isiyo na matundu hayo inataka konveta, kifaa cha kushusha volti za spika, kati ya nyaya za spika na amplifaya. Usithubutu kuiruka! Wati 50 kwenye spika ya omu 8 ni volti 20, wakati tundu la RCA linasubiri volti moja au mbili tu. Inafanya kazi, ila makelele ya risiva nayo yanakuzwa upya. Yangu ilivuma mmmm hata filamu ikinyamaza. Nikaing'oa.