OR-Tools: dereva mmoja alipewa vituo vyote 38

Nimepanga ratiba ya magari ya kusambaza mizigo kwa kalamu na karatasi miaka sita: magari 3, vituo 38, kila asubuhi. Mwezi uliopita nikahamia OR-Tools, maktaba ya bure ya Google, yaani programu ya kutafutia mipangilio bora kama njia za magari, unayoiandikia kodi (maelekezo ya kompyuta) kwa lugha ya Python, Java, C++ au C#. Kama kodi huiwezi na huna wa kukuandikia, isikusumbue.

Siku ya kwanza niliipa umbali na idadi ya magari tu. Jibu likaja mara moja: dereva mmoja, vituo vyote 38, wenzake wawili wabaki ghalani. Nikacheka, kisha nikajilaumu. Niliiomba ipunguze jumla ya kilomita, nayo ikapunguza. Uzito ambao kila gari linabeba na saa ya kurudi sikuviandika. Vimekaa kichwani mwangu siku nyingi hata nikasahau kuwa ni masharti.

Kosa la pili pia langu. Inataka namba kamili, nami nikakata desimali za kilomita, basi vituo viwili vilivyoachana mita 700 vikawa mahali pamoja. Tumia mita.

Haihangaiki kupitia kila mpangilio, na haiwezi: vituo 20 tu vya gari moja vina mipangilio zaidi ya trilioni mara milioni 2. Inaanza na njia ya harakaharaka, kwa mfano kufuata kila mara kituo kilicho karibu, halafu inaichokonoa. Inahamisha kituo kutoka gari hili kwenda lile, inageuza kipande cha njia pale inapojikata yenyewe. Isipopata tena badiliko dogo lenye nafuu, inaishia hapo. Ndiyo maana nimewasha mbinu yake iitwayo GUIDED_LOCAL_SEARCH, ambayo inazitoza adhabu safari ghali za kituo hadi kituo zilizong'ang'aniwa, mpaka ilazimike kujaribu kwingine. Ila weka kikomo cha muda, maana hiyo haisimami yenyewe. Naipa sekunde 30. Nilipoipa dakika 10, nilipata nafuu ya mita 900 kwa magari yote matatu, sikurudia.

Nyota tano naipa bila kusita, ingawa dereva wetu mkongwe alipoiona karatasi mpya aliuliza, "Kituo cha 14 saa moja asubuhi? Lango lao linafunguliwa saa tatu, bosi." Nikarudi kwenye kodi kuongeza saa za malango.