Miaka miwili ya kuendesha duka la vipuri kwenye wingu: uzoefu wangu

Nina duka la vipuri vya magari Gerezani, Kariakoo, na tawi dogo Morogoro. Hadi mwanzoni mwa 2023 hesabu zetu zote zilikaa kwenye seva moja, yaani kompyuta ya kutunzia kumbukumbu za duka, chini ya ngazi, pembeni ya makasha ya pedi za breki. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na tulipoiwasha diski ikawa inagonga tu: tik, tik, tik. Madeni ya wateja ya miezi minne yakapotea. Wapo waliokuja wenyewe kulipa, Mungu awabariki. Wengine hatujaonana hadi leo.

Ndipo nikakubali kukodi seva ya wingu. Nitaeleza kwa lugha ya Kariakoo, maana ndivyo nilivyoelewa mimi. Wingu haliko hewani. Ni kompyuta za kampuni nyingine, zimepangwa kwenye majengo yenye majenereta na walinzi, nawe unapanga sehemu yako, kama fremu ya duka, na kuitumia kwa intaneti. Ila hapa hakuna kilemba wala kodi ya miezi sita mkononi. Unalipia saa ulizotumia. Ukichukua seva tupu uweke programu zako, hiyo ni fremu yenye kuta nne tu. Ukichukua programu iliyo tayari, kama barua pepe ya ofisi, umepata fremu yenye makabati na kaunta: unaingia na mzigo, unaanza kuuza.

Mimi nilichukua seva tupu, kwa kampuni yenye kituo Afrika Kusini. Microsoft ilifungua vituo huko 2019, Amazon ikafuata Cape Town 2020, Google nayo Johannesburg 2024. Kijana wa kaunta akitafuta bearingi kwenye programu, jibu halina haja ya kwenda Ulaya na kurudi.

Faida niliyoiona kwa macho ni ya Desemba. Watu wanasafiri mikoani, kila mwenye gari anataka kulifanyia sevisi, na zamani programu ilikuwa inaganda wateja wakiwa wamejaa. Sasa fundi wetu wa kompyuta anaiongezea seva nguvu kwa wiki tatu, Januari anaipunguza. Ile ya chini ya ngazi niliinunua kwa milioni nne na nusu, na isingeongezeka hata kidogo. Morogoro nao wanaona stoo ya Dar papo hapo. Zile simu za "hebu nichekie kama ipo" zimekwisha.

Tabu zipo. Jumatatu ya 13 Mei 2024, siku moja baada ya nyaya za chini ya bahari kukatika, intaneti ilikuwa ya kusuasua na tukarudi kwenye daftari. Baada ya hapo nilidai programu inayoweza kuuza bila mtandao na kuyatuma mauzo kwenye seva mtandao ukirudi. Msikubali nyingine. Bili nayo ni ya dola: kwetu kama 34 kwa mwezi, lakini mwezi mmoja fundi alifungua seva ya majaribio akasahau kuizima, tukalipa 61. Tangu siku hiyo nimeweka tahadhari, bili ikifika 40 napata ujumbe kwenye simu. Na kwa kuwa ninatunza majina na namba za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inanihusu, hasa pale taarifa zinapotoka nje ya nchi. Ulizeni mapema, msingoje kuulizwa.

Jambo ambalo wauzaji wa wingu hawalisemi kwa sauti ni hili: wao wanalinda jengo na mashine. Neno la siri, nani anaingia, na nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya kumbukumbu zako, ni juu yako. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu, Jumapili duka likiwa limefungwa, namwambia fundi afungue seva mpya tupu na kuirudishia nakala ya usiku uliopita. Mara ya mwisho ilichukua dakika 40. Nikatafuta jina la mteja wangu mmoja wa Kigamboni, nikakuta deni lake la rimu mbili, tarehe na namba ya risiti, vile vile nilivyoliacha Jumamosi jioni.